Mafundi wa Majengo tusiwaweke kwenye ramani ya mtu

Kwanza niseme kosa langu. Mwaka jana mimi na mabeshte tulizunguka Majengo tukiandika mafundi: wa kuchomelea, maseremala, wa friji, wa kukereza vyuma. Zile wekshopu ambazo ukiingia na wazo na kipande cha bati, watoka na kitu. Orodha yote tukaiweka kwenye programu moja ya bure. Miezi michache tu, ikaanza kuitisha pesa, na kuitoa orodha yetu haiwezekani. Jua lote lile tulilopigwa, bure!

Ndio maana saa hii nasema: orodha ya mafundi wa mtaa iwekwe OpenStreetMap.

Hii ni ramani iliyoanza Uingereza 2004. Yachorwa na watu wa kawaida, na data yake yeyote anaweza kuishusha akaitumia bila kulipa, bora ataje ilikotoka. Programu yako ikifa, data iko palepale, waihamishia kwengine. Linganisha na Map Maker ya Google: watu walichora barabara za mitaa yao wenyewe, 2017 kampuni ikaifunga. Kazi yao ikabaki kwa mwenye nyumba.

Na msiniambie haya ni mambo ya wazungu. 2009, Kibera ilikuwa peupe tu kwenye ramani za intaneti. Vijana wa hukohuko wakashika GPS, wakapita vichochoroni, wakaichora. Ndio Map Kibera hiyo. Sisi twangoja nani?

Mtasema, "Lakini watu wote hutafuta Google." Kweli. Fundi akitaka, mwandikeni na huko pia. Ila msinakili kutoka Google mkaleta OpenStreetMap, hairuhusiwi. Nendeni mkaone kwa macho yenu.

Sasa kuna jambo lanikaa rohoni. Ramani iliyo wazi huonwa na kila mtu, hata anayetafuta vibanda vya kubomoa. Mzee mmoja wa kando ya barabara aliniuliza, "Mwanangu, hii italeta wateja ama askari?" Sikuwa na jibu.

Kwa hivyo sheria yangu ni moja: uliza kwanza. Fundi akikataa, usimwandike. Namba yake ya simu ni yake, usiiweke bila ruhusa.

Jumamosi naanza upya, kwa mguu. Na wewe niambie: mtaani kwenu, fundi gani hutaki apotee?