Teaspoon au tablespoon? Soma vizuri kabla ya kumpa mtoto dawa

Mtoto ana homa, ni usiku, na maelezo kwenye chupa ya dawa yameandikwa kwa Kiingereza. Wazazi wengi husoma harakaharaka na kukisia. Yapo maneno yanayokaribiana maana ambayo mzazi akiyachanganya, mtoto hupata dozi isiyo yake.

Teaspoon na tablespoon

Vyote ni vijiko. Teaspoon ni kijiko cha chai, yaani mililita 5. Tablespoon ni kijiko kikubwa cha mililita 15. Kwa kifupi huandikwa "tsp" na "tbsp". Herufi moja tu inayotofautiana, lakini anayekosea humpa mtoto dozi mara tatu. Parasetamoli ikizidi hivyo na kurudiwa, inaweza kuharibu ini. Tumia kikombe, kijiko au bomba la kupimia lililokuja na dawa, kwani vijiko vya jikoni havilingani ukubwa.

Drops na syrup

Zote ni dawa za maji, ila drops ni za matone kwa watoto wachanga na mara nyingi huwa kali zaidi. Kwa mfano, ipo parasetamoli ya matone yenye miligramu 100 katika kila mililita 1, wakati syrup iliyozoeleka ina miligramu 120 katika mililita 5. Ukimpimia mtoto mililita 5 za matone hayo, umempa miligramu 500, zaidi ya mara nne ya kiasi kilichomo kwenye kijiko cha syrup.

Best before na expiry date

Best before huonekana kwenye vyakula kama biskuti. Tarehe hiyo ikipita, ladha inaweza kupungua bila chakula kuwa kimeharibika. Expiry date, au "EXP", ni tarehe ya mwisho wa matumizi. Dawa ikiipita, usimpe mtoto. Usiichanganye pia na "MFG", ambayo ni tarehe ya kutengenezwa.

Unaponunua dawa, muulize mfamasia: "Mililita ngapi, mara ngapi kwa siku, kwa siku ngapi?" Mwombe aandike kwa Kiswahili kwenye boksi, ili hata dada wa kazi au bibi aelewe.

Ukigundua mtoto amezidishiwa dawa, mpeleke kituo cha afya mara moja pamoja na chupa yenyewe, hata kama anacheza. Dalili za ini kuumia zinaweza kuchelewa kuonekana.