Mtaalamu wa Korosho Kati ya Kituo cha Utafiti na Kiwanda

Mwanasayansi aliyekwisha kutumikia taasisi ya umma ya utafiti miaka 15 au 20 hufika siku ambayo kampuni humwita kwa mshahara mnono, na hapo watu humwekea hukumu mbili tu: akibaki ni mzalendo, akiondoka ni mwenye tamaa. Hukumu hiyo ni nyepesi mno, kwa maana ada za watoto hazilipwi kwa sifa, na kiwanda nacho kina elimu yake. Kinachostahili kuamua ni aina ya swali analolishughulikia.

Ushahidi uko Ndanda, Masasi na Newala, kwenye nchi ya mikorosho. Mavuno ya korosho ya Tanzania, yaliyopita tani 140,000 msimu wa 1973/74, yalishuka chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87 kwa sababu ya bei duni, ya wakulima kuhamishiwa vijijini mbali na mashamba yao, na ya ubwiri unga, yaani ukungu unaofunika maua na majani machanga kwa vumbi jeupe hata maua yakakauka bila kuzaa. Watafiti wa kituo cha Naliendele, karibu na Mtwara, waliukabili kwa unga wa salfa, ambao hupulizwa alfajiri upepo ungali umetulia, na kwa kutafuta mikorosho inayoustahimili. Kuchagua mti mzazi, kubebesha vikonyo vyake kwenye miche, kungoja miaka mpaka miche hiyo izae, kisha kuipima msimu baada ya msimu, ni kazi isiyoleta faida ya kufungia hesabu za mwaka. Mwenye swali la namna hiyo na abaki.

Ubanguaji, yaani kuondoa ganda lenye mafuta yanayochoma vidole pasipo kuvunja punje, ni swali jingine. Sehemu kubwa ya korosho imekuwa ikisafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam, ilhali viwanda vingi vilivyojengwa na serikali vilikuja kusimama. Kiasi cha joto na mkao wa kisu hujulikana kando ya mashine, punje zilizovunjika zikihesabiwa kila jioni. Mwenye swali hilo na aende bila haya.

Lakini anayeondoka asiondoke na daftari. Na aache kumbukumbu zinazosomeka na kijana anayezielewa, kwa kuwa mkorosho wa majaribio uliopotewa na kumbukumbu zake ni mkorosho kama mingine, na miaka yote iliyogharimiwa na umma huwa imeishia kwenye kivuli chake.