Kichwa cha Garimoshi Kivukapo Bahari

Neno "mitumba" litajwapo nyumbani, fikira zetu huenda moja kwa moja kwenye nguo: robota limefunguliwa gulioni, mama analipekua koti la mtoto, analigeuza ndani nje na kuuvuta mshono ili aone kama uzi bado una nguvu. Leo napenda tuzungumze juu ya mtumba wa namna nyingine, wenye uzito wa tani 72, usioweza kugeuzwa ndani nje wala kujaribiwa begani. Ni kichwa cha garimoshi cha dizeli kilichofanya kazi miaka ishirini au thelathini katika nchi moja, kisha kikauzwa, kikakodishwa au kikatolewa zawadi, ili kianze maisha ya pili juu ya reli za nchi nyingine.

Huenda utasema kwamba hayo ni mambo ya wakubwa wa reli na wenye meli. La hasha. Aliyepata kukesha na watoto katika stesheni ndogo baina ya Dodoma na Tabora, maji yamekwisha na mkate umekwisha, akingojea kichwa kingine kije kuyavuta mabehewa yaliyokwama, anayo haki kamili ya kuuliza kile kilichoharibika kilitoka wapi na kilikuwa na umri gani. Naye anayenunua dagaa wa Kigoma au chumvi ya Uvinza sokoni hulipa, pasipo kujua, sehemu ya gharama ya kichwa kilichogoma njiani.

Jambo ambalo yafaa tulielewe mapema ni kwamba vichwa vya garimoshi aghalabu haviuzwi nje kwa sababu vimechoka. Huuzwa kwa sababu njia yao imeondolewa chini ya magurudumu. India ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Tangu enzi za utawala wa Waingereza nchi hiyo ilikuwa na reli za upana mbalimbali, na mbili zilizoenea zaidi ni ile pana ya milimita 1,676 na ile nyembamba ya mita moja kamili. Mwaka 1992 ulianzishwa mpango mkubwa wa kuzifanya karibu zote ziwe pana. Mwaka baada ya mwaka mataruma yaling'olewa, reli zikasogezwa, na vichwa vilivyozoea njia ya mita vikabaki kama mitumbwi katika ziwa lililokauka. Vingi vilikuwa bado na afya. Vilikosa pa kwenda tu.

Kilichojulikana sana miongoni mwao kiliitwa YDM-4. Kilisanifiwa na kampuni ya ALCO ya Schenectady, katika jimbo la New York, Marekani. Vya kwanza viliingia India mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kuanzia mwaka 1968 vikaundwa huko huko India, katika kiwanda cha Varanasi. Injini yake ina silinda sita na nguvu za farasi 1,400. Tani zake 72 zimegawanywa juu ya ekseli sita, yaani kila ekseli huikandamiza reli kwa tani 12 tu. Hapo ndipo ilipo thamani yake kwa nchi kama zetu. Kichwa kizito chenye nguvu nyingi ni fahari kukitazama, lakini kikipitishwa juu ya reli nyepesi na tuta la zamani huipinda njia na kuyavunja mataruma.

Reli yetu ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, ina upana wa mita moja. Ndivyo zilivyo pia reli za zamani za Kenya na Uganda. TAZARA, kwa upande mwingine, ina milimita 1,067. Tofauti hiyo ya milimita 67, yapata upana wa vidole vinne vya mkono, yatosha kuifanya iwe ardhi ya kigeni kabisa kwa kichwa cha njia ya mita. Na ndiyo sababu Kidatu, zinapokutana reli hizo mbili, kilijengwa kituo cha kuhamishia mizigo kutoka behewa hadi behewa. Basi vichwa vya India havikuwa na dunia nzima ya kuchagua. Vilikwenda kulikokuwa na mita moja: Malaysia ilivikodi katika miaka ya 1990, Myanmar ikavipokea, na Tanzania pia.

Kabla ya kuvuka bahari, kichwa hupelekwa karakana. Mashuhuri kwa kazi hiyo ni ile iitwayo Golden Rock, katika mji wa Tiruchirappalli, kusini mwa India. Hapo ni lazima nieleze kidogo jinsi mtambo huu ufanyavyo kazi, maana wengi hudhani kwamba injini ya dizeli huyazungusha magurudumu yenyewe, kama ifanyavyo katika lori. Sivyo. Injini huzungusha jenereta. Jenereta hutoa umeme. Umeme huenda kwenye mota zilizofungwa karibu na ekseli, na hizo mota ndizo zizungushazo magurudumu. Kwa hiyo fundi ana wagonjwa wawili ndani ya mwili mmoja, mmoja wa mafuta na mmoja wa umeme, na aliyempima mmoja tu hajakipima kichwa.

Mwili hunyanyuliwa kutoka juu ya magurudumu. Injini hufunguliwa, pistoni na silinda hupimwa kwa kipimo kisichosamehe hata unene wa unywele, na ule mhimili mkuu unaobeba nguvu za silinda zote hukaguliwa usiwe na ufa. Nyaya za shaba ndani ya mota husukwa upya. Magurudumu yaliyolika huchongwa au kubadilishwa. Kazi inayodharauliwa kuliko zote, nayo kwa maoni yangu ni ya maana kuliko nyingi, ni ile ya kubadili nyaya za umeme zilizokauka ganda. Nyaya hizo hazionekani, hazipendezi machoni mwa mgeni rasmi, lakini moto mwingi ndani ya vichwa vya zamani huanzia hapo. Mwisho kabisa huja rangi. Mnunuzi aliyetumwa kukagua akaanza na rangi angefaa kurudishwa nyumbani kwa meli iliyomleta.

Sasa tutazame yaliyotufika wenyewe. Kiwanda cha Varanasi kilipoanza kuuza vichwa nje ya India, mwaka 1976, cha kwanza kilikuja Tanzania. Hicho hakikuwa mtumba, kilikuwa kipya. Na vichwa vilivyotoka Canada katika miaka ya 1970, ambavyo wafanyakazi wa reli wanaviita themanini na nane, navyo vilikuwa na injini za ukoo ule ule wa ALCO. Kwa hiyo mafundi wa karakana ya Morogoro waliijua tabia ya mashine hizi muda mrefu kabla mtumba wa kwanza kushushwa bandarini. Ujuzi huo ni mali isiyoandikwa katika hati yoyote ya mauzo.

Mwaka 2007 shirika letu la reli lilikabidhiwa kwa mkataba wa miaka 25 kwa kampuni ya RITES ya India, iliyochukua asilimia 51 ya hisa, serikali ikabaki na asilimia 49. Pamoja na mkataba huo vilikuja vichwa vilivyotumika kutoka India, vya kukodi, na mabehewa ya abiria. Yaliyofuata wengi wanayakumbuka: migomo ya wafanyakazi juu ya mishahara, ubishi juu ya kodi ya vichwa na mabehewa, kisha mafuriko ya Kilosa mwishoni mwa mwaka 2009 yaliyoizoa njia na kuifunga kwa miezi. Mwaka 2011 serikali ikazirudisha hisa mikononi mwake.

Katika vijiwe vingi lawama ziliwekwa juu ya vichwa vyenyewe. Viliitwa mikweche, chuma chakavu, takataka za watu. Mimi sikubaliani na hukumu hiyo, ingawa namwelewa aliyeitoa akiwa amekaa juu ya mzigo wake siku mbili. Kichwa hakiwezi kuvuta juu ya njia isiyo na kokoto, wala hakiwezi kutengenezwa na fundi ambaye hajalipwa. Lakini walalamikaji walikuwa na hoja moja nzito, nayo ni hoja ya kukodi. Mwenye kununua mtumba hulipa mara moja, na kikilala karakana hasara yake ni kazi iliyopotea. Mwenye kukodi, kwa desturi ya mikataba ya namna hiyo, huhesabiwa siku, kichwa kivute au kilale. Ndiyo sababu swali la vipuri haliwezi kuachwa liulizwe baada ya sahihi kutiwa.

Na juu ya vipuri pana jambo ambalo halisemwi vya kutosha. ALCO iliacha kuunda vichwa mwaka 1969. Watoto wake wameishi miaka yote hii kwa sababu walilelewa na walezi, Canada kwanza na India zaidi. Lakini India nayo imegeukia umeme. Kiwanda cha Varanasi, kilichopewa jina jipya la Banaras mwaka 2020, sasa kazi yake kubwa ni kuunda vichwa vya umeme. Nchi inayopokea kichwa cha ukoo huo leo yafaa iulize si tu kama kinavuta, bali nani atafua pistoni yake miaka kumi ijayo.

Umeme huo huo wa India umezaa wimbi la pili la vichwa visivyo na kazi, safari hii vya njia pana. Mwezi Julai 2020 India iliipa Bangladesh vichwa kumi vya nguvu za farasi 3,300, ikieleza kwamba vimebakiza miaka 28 au zaidi ya kufanya kazi, na mwaka 2023 ikaongeza ishirini. Bangladesh ina reli ya upana ule ule, basi vilivuka mpaka juu ya magurudumu yake vyenyewe, pasipo meli. Majirani zetu wa Kenya nao, mwaka huo wa 2020, walileta kutoka kisiwa cha Mallorca, Hispania, treni 11 za dizeli kwa ajili ya abiria wa Nairobi na vitongoji vyake. Kisa ni kile kile: Mallorca walitia umeme katika njia zao za mita moja, na treni nzuri zikakosa kazi.

Hapa kwetu, tangu mwaka 2024, treni za umeme zinakwenda kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma juu ya njia mpya ya milimita 1,435. Njia ya mita bado ipo na bado inabeba mizigo. Lakini msomaji aliyenifuata mpaka hapa ameshaona mahali tunapoelekea: ipo siku huenda sisi ndio tutakuwa wenye vichwa vya kuuza, na wanunuzi walio karibu ni wale wale wa njia ya mita, Kenya na Uganda. Mjumbe wao atakapokuja Morogoro, kitu cha kwanza atakachoomba kitakuwa daftari la matengenezo: injini ilifunguliwa lini, mota ipi ilisukwa upya, magurudumu yamechongwa mara ngapi. Kurasa za daftari hilo zinaandikwa sasa, na fundi wa zamu ya usiku, kila kichwa kinaporudi kutoka safari.