Bustani za Hamburg na Haki ya Mtoro bin Mwinyi Bakari

Mwanafunzi wa fasihi hufundishwa tangu mwaka wa kwanza kwamba matini haisomwi kwa kuzingatia yaliyosemwa tu, bali pia yaliyonyamaziwa. Kanuni hii hatuna budi kuitoa nje ya vitabu, hususan kwa kuwa baadhi ya wenzetu huendelea na masomo ya juu nchini Ujerumani. Makala haya yanautazama mji mmoja wa huko, Hamburg, na kushikilia kwamba bustani na majengo yake ni sehemu ya historia ya Kiswahili. Aidha, yanadai kuwa deni linalobainika humo linatuhusu sisi kabla ya kuwahusu Wajerumani.

Mgeni wa Hamburg hupokelewa na mandhari ya kuvutia. Karibu na kituo cha gari moshi cha Dammtor ipo bustani ya Planten un Blomen, yenye maua, maji na vivuli. Mnara wa kanisa la Mtakatifu Mikaeli unapaa mita 132. Mtaa wa maghala ya matofali mekundu, Speicherstadt, ulioanza kujengwa mwaka 1883, uliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2015. Waama, ni mji wa kusifika. Hata hivyo, utajiri uliojenga fahari hii ulipitia bandarini, na sehemu yake ilitoka Afrika. Jengo la Afrikahaus, lililojengwa mwaka 1899 kwa ajili ya kampuni ya Woermann, lina sanamu ya shujaa Mwafrika mlangoni. Shujaa huyo hana jina.

Kukosekana kwa jina si jambo dogo. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyeongoza majeshi yaliyozima upinzani wa pwani na kumnyonga Abushiri bin Salim mwaka 1889. Chini ya miguu yake aliwekwa askari Mwafrika akimtazama bwana wake kwa utiifu. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, sanamu hiyo ilisafirishwa hadi Hamburg na kusimamishwa mbele ya chuo kikuu mwaka 1922. Wanafunzi wa huko waliiangusha mwaka 1967, ikarejeshwa, wakaiangusha tena mwaka 1968, na haikusimamishwa tena. Msomaji wa Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, anajua kuwa vita hivyo vilikuwa na upande wa pili, wenye watu na majina. Sanamu ilitangaza upande mmoja. Utenzi ulihifadhi ule mwingine.

Hali ni hiyo hiyo katika eneo la Jenfeld. Humo mna michongo mikubwa ya udongo wa kuchoma iliyotengenezwa wakati wa utawala wa Wanazi kwa ajili ya kambi ya kijeshi. Inaonyesha askari wakimfuata afisa wa Kijerumani, pamoja na wapagazi na mizigo yao. Mwaka 2003 michongo hiyo iliwekwa katika bustani iliyopewa jina la Tanzania, jambo lililozua upinzani mkali. Wapo wanaosema ivunjwe, na wapo wanaosema ibaki kama ushahidi. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinakwepa swali la msingi: ni nani atakayesimulia habari za wapagazi wale? Jiwe likivunjwa bila simulizi, tunabaki na ukimya. Likihifadhiwa bila simulizi, ukimya huo huo unapewa ulinzi.

Wala haitoshi kubadilisha majina kwa pupa. Katika makaburi ya Ohlsdorf, ambayo ni bustani kubwa ajabu, amezikwa Emily Ruete, yaani Salma binti Said wa Unguja, aliyechapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Mwaka 2019 uwanja mmoja wa Hamburg ulipewa jina lake, kisha uamuzi huo ukabatilishwa baada ya watu kuyasoma upya aliyoyaandika kuutetea utumwa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Salma anastahili kusomwa, lakini kusomwa na kutukuzwa ni mambo mawili.

Hapa ndipo ninapomleta Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa sehemu za Bagamoyo. Alifundisha Kiswahili Berlin kuanzia mwaka 1900. Mwaka 1905 alijaribu kurejea nyumbani na mkewe Mjerumani, lakini wakuu wa koloni wakamkatalia mke huyo kushuka Dar es Salaam. Ikambidi Mtoro arudi Ujerumani. Kuanzia mwaka 1909 alikuwa Hamburg akimsaidia Carl Meinhof, bingwa wa isimu ya Kibantu. Alifariki Berlin mwaka 1927. Kazi yake kubwa imo katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotoka mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten.

Tunaweza kuwadai watu wa Hamburg wamkumbuke Mtoro, na madai hayo si ndoto. Mwaka 2021 barabara ya Wissmann katika mtaa wa Neukölln, Berlin, ilipewa jina la Lucy Lameck, mwanasiasa mwanamke wa Tanzania. Lakini nyani haoni kundule. Ni mara ngapi sisi wenyewe tumeandika katika tasnifu "Velten (1903)", tukaendelea na hoja zetu bila kumtaja aliyeshika kalamu? Tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen, ya mwaka 1981, ilimrejeshea Mtoro jina lake. Haifai wanafunzi wa Kiswahili tutanguliwe na Kiingereza katika kumtendea haki mwandishi wa Kiswahili.

Ninapendekeza basi mambo mawili. Kwanza, kila anayeitumia kazi hiyo amtaje Mtoro kuwa mwandishi na Velten kuwa mhariri. Pili, wahadhiri wetu waiingize sura ya waalimu wa Kiswahili walioishi Ujerumani katika somo la historia ya lugha. Hatua hizi hazihitaji ruhusa ya baraza la mji wowote wala fedha za mfadhili. Zinahitaji uadilifu wa kitaaluma, nao huanzia katika tasnifu tunazoziandika mwaka huu.