Utafiti wa Lemna Hauhitaji Mabilioni

Mirzapur, nchini Bangladesh, ipo hospitali ya hisani iitwayo Kumudini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 majitaka ya hospitali hiyo, pamoja na ya shule na nyumba za watumishi zilizo jirani, yalielekezwa kwenye bwawa refu lenye kona nyingi, lisilofika hata ekari mbili. Watu waliohudumiwa na bwawa hilo walikuwa kati ya 2,000 na 3,000. Juu ya maji palioteshwa lemna, yale majani madogo ya kijani yanayotanda madimbwini na ambayo wengi hudhani ni mwani. Wafanyakazi wa shirika la PRISM waliyavuna na kuyamwaga kwenye mabwawa ya samaki ya pembeni.

Watafiti walipopima maji yaliyotoka mwisho wa bwawa, walikuta uchafu unaomaliza oksijeni umepungua kwa zaidi ya asilimia 90, na naitrojeni na fosforasi kwa takriban robo tatu. Kazi hiyo ilifanywa na jua, vijidudu na mmea. Samaki walionenepa kwa majani hayo waliuzwa, na fedha zikasaidia kuendesha mradi. Miaka zaidi ya thelathini imepita tangu hapo, na somo la Mirzapur bado halijapata nafasi linayostahili katika mipango ya majitaka na ufugaji ya Afrika Mashariki.

Jamii ya lemna ina spishi kama 36. Kubwa kati yake haifiki upana wa ukucha wa kidole gumba. Ndogo kabisa, wolfia, ni ndogo kuliko punje ya ulezi, haina mzizi hata mmoja, na ndiyo mimea midogo kuliko yote duniani inayotoa maua. Maua yenyewe ni nadra. Kwa kawaida jani huchipua jani jingine ubavuni, nalo likishakomaa hujitenga na kuanza kuchipua la kwake. Penye joto na virutubisho vya kutosha, bwawa lililofunikwa nusu leo linaweza kufunikwa lote baada ya siku 2 au 3. Katika maji yenye naitrojeni nyingi, protini hufika hata asilimia 40 ya uzito wa mmea uliokaushwa.

Mfugaji wa kuku wa Dar es Salaam au Nairobi ataielewa takwimu hiyo haraka kuliko profesa, maana protini ndiyo inayopandisha bei ya mfuko wa chakula cha kuku. Leo protini hiyo hutoka kwenye soya, mashudu ya alizeti na dagaa wa Ziwa Victoria. Dagaa hao ndio kitoweo cha kaya zisizomudu nyama. Kiwanda cha vyakula vya mifugo kikigombea fungu moja na mama wa nyumbani sokoni, si vigumu kujua nani atarudi na kapu tupu.

Watakaopinga wapo, na wana hoja. Magugu maji yalipoziba Ghuba ya Winam katika miaka ya 1990, wavuvi wa Kisumu walishindwa kutoa mitumbwi, na ilibidi kuletwa wadudu aina ya fukusi kutoka mbali ili wayatafune. Hofu ya mimea inayoelea imetokana na uchungu wa kweli. Lakini magugu maji ni mgeni kutoka Amerika Kusini, ilhali baadhi ya spishi za lemna na wolfia ziko katika madimbwi ya Afrika Mashariki tangu zamani. Tena ajabu ni hii: fedha za utafiti wa mimea ya majini zilikuja mbio baada ya maafa, kwa ajili ya kuua. Za kujifunza ni mmea gani unafaa kufugwa hazijapata haraka ya namna hiyo.

Na sayansi yenyewe ni ya bei ndogo. Mwaka 2006 shirika la OECD lilitoa mwongozo wa kupima sumu ya kemikali kwa kutumia lemna: majani huwekwa kwenye vyombo vyenye viwango tofauti vya kemikali, kisha huhesabiwa kwa muda wa siku 7. Maabara inayotaka matokeo ya kukubalika kimataifa itahitaji vifaa na usafi wa hali ya juu, ni kweli. Ila mwanafunzi wa sekondari mwenye beseni, maji ya kisima na daftari anaweza kujifunza kanuni ile ile.

Hata kazi kubwa za fani hii zilianza kwa kuokota. Mtaalamu wa mimea wa Uswisi, Elias Landolt wa Zurich, alitumia miongo ya maisha yake akikusanya lemna kutoka mabara mbalimbali na kuzitunza hai. Jenasi ya Landoltia imepewa jina lake. Mwaka 2014 wanasayansi walipochapisha jenomu ya lemna kubwa, Spirodela polyrhiza, walikuta jeni zisizofika 20,000, chache kwa mmea unaotoa maua. Mwaka 2021 Umoja wa Ulaya uliruhusu wolfia mbichi kuuzwa kama chakula cha binadamu, kwa sababu watu wa Thailand, Laos na Myanmar wameila miaka mingi bila madhara. Soko linafunguka. Anayechelewa kukusanya mimea ya kwake atakuja kuinunua.

Tahadhari ziko mbili, na zote ni nzito. Lemna hunyonya kadmiamu na metali nyingine kwa ulafi ule ule inaonyonya naitrojeni, hivyo iliyoota kwenye maji ya viwandani haifai kumkaribia kuku wala samaki. Pili, mmea huu ni maji matupu: kilo 100 mbichi zikikaushwa hubaki kilo 5 hadi 8. Anayeota kiwanda cha unga wa lemna apige kwanza hesabu ya kukausha. Faida iliyo karibu ni ya Mirzapur, kulisha samaki majani mabichi pale pale yalipovunwa.

Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania (COSTECH) na taasisi wenza wa Kenya na Uganda zitenge basi fungu la kukusanya aina za lemna za madimbwi ya hapa na kuzipima kwa joto la hapa, kwa maana takwimu za maabara ya Ulaya hazitamwambia mfugaji wa Morogoro anachotaka kujua. Fungu la pili lipime metali katika mabwawa ya majitaka ya kila mji, na majibu yatangazwe kabla mtu yeyote hajaruhusiwa kuvuna humo.