Mashine ni yetu, ufunguo ni wa nani?

Wahenga walisema kwamba akufukuzaye hakwambii toka. Mnamo Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikoma kutoa bure marekebisho ya usalama ya mfumo endeshi wake wa Windows 10. Watu binafsi waliojiandikisha waliongezewa mwaka mmoja tu, yaani hadi Oktoba 2026. Hakuna aliyebisha hodi kwa mwenye kompyuta na kumwambia aitupe. Aliambiwa tu kwamba akiendelea kuitumia, wezi wa mitandaoni wakimwingilia asimlilie mtu.

Msomaji atauliza kwa nini mwenye kompyuta hiyo asihamie Windows 11, mfumo uliotolewa mwaka 2021. Jibu ni kwamba mfumo huo hauingii katika kila mashine. Unadai kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la pili, na kwa upande wa Intel hautaki, isipokuwa kwa mashine chache, kichakataji kilicho cha kabla ya kizazi cha nane, ambacho kilianza kuuzwa mwaka 2017. Desemba 2023, kampuni ya utafiti wa soko ya Canalys ilikadiria kwamba kompyuta milioni 240 duniani huenda zikageuka taka kwa sababu hiyo. Ieleweke kwamba hizi si mashine mbovu. Kioo chazo chang'aa, kibodi yazo yaandika, na kumbukumbu yazo yatosha kazi ya kila siku. Zimehukumiwa kwa kukosa cheti.

Hapa kwetu hukumu hiyo ina uzito wa pekee. Aghalabu kompyuta zilizomo katika maabara ya shule zetu, katika vibanda vya kuchapishia hati na katika afisi za makanisa na vyama vya akiba ni zile zilizokwisha kutumika ng'ambo, zile ambazo wauzaji wa Luthuli Avenue huziita ex-UK. Zikitufikia tayari zina umri. Kwa hivyo mlango unapofungwa kule, sisi ndio wa kwanza kuachwa nje.

Wapo wanaotoa dawa kwa wepesi. Husema: hamieni mifumo huria. Mifumo kama Ubuntu, Debian au Linux Mint haiuzwi, msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma na kuurekebisha, na huamka vizuri hata katika kompyuta ya miaka kumi iliyopita. Mwandishi wa makala haya ni mmoja wa watoao ushauri huo. Lakini ushauri usiotaja mwiba ulio njiani ni nusu ya ushauri, na mwiba wenyewe nimeukanyaga.

Mwaka jana niliitwa na mwalimu wa shule moja ya upili kwetu kijijini. Wanafunzi wa zamani walikuwa wamechanga pesa wakainunulia shule kompyuta ishirini na nne zilizotumika. Mwalimu huyo kijana aliketi wiki nzima ya likizo akaziwekea zote mfumo huria, na zote zikaamka, tena kwa kasi kuliko zilivyokuja. Ila mashine hizo hazikuwa na Wi-Fi ndani. Bodi ya shule ilikuwa imenunua vidude ishirini na vinne vya kuchomeka ubavuni, vya bei nafuu kuliko vyote dukani. Vitano vilifanya kazi. Kumi na tisa havikutambuliwa kabisa.

"Mzee," akaniambia, "vyote vina jina moja, pakiti moja na bei moja. Nimekosea wapi?"

Hakuwa amekosea popote. Tulipozisoma zile nambari mbili ambazo kila kifaa cha USB hujitambulisha kwazo, ya mtengenezaji na ya bidhaa, tuliona kwamba ndani ya pakiti zile zile mlikuwa na vijisehemu vya aina mbili tofauti. Mtengenezaji alikuwa amebadilisha moyo wa kifaa bila kubadilisha jina lililoandikwa juu. Kwa mtumiaji wa Windows hilo si kitu, maana kiwandani walimwandalia programu ya kila aina. Kwa mtumiaji wa mfumo huria, ndipo safari ilipokatikia.

Hapa inafaa tueleze kiini cha jambo, kwa kuwa wengi hulilaumu pahali pasipostahili. Mfumo endeshi hauwezi kusema na kila kifaa moja kwa moja. Unahitaji mkalimani, programu ndogo ambayo mafundi huiita draiva. Kifaa kina lugha yake ya ndani: ukitaka kiwake utume amri hii, ukitaka kinyamaze utume ile. Anayeijua lugha hiyo ni aliyekitengeneza. Akiichapisha, mtu yeyote mwenye ujuzi aweza kuandika draiva. Akiificha, wapenzi wa mfumo huria hubaki wakikisikiliza kifaa kama mgeni anayejifunza lugha ya wenyeji kwa kutega sikio dirishani, neno moja leo, neno moja kesho. Wengi wamefanya kazi hiyo kwa miaka na wamefaulu kwa kiwango cha kustaajabisha. Lakini kila wanapofaulu, kifaa kipya huingia sokoni na lugha nyingine.

Kwa hakika historia ya programu huria ilianzia papo hapo. Karibu na mwaka 1980, maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT kule Marekani ilipewa printa na kampuni ya Xerox. Printa iliyotangulia ilipokwama karatasi, Richard Stallman alikuwa ameirekebisha programu yake ili iwaarifu waliokuwa wakingoja. Alipotaka kufanya vivyo hivyo kwa ile mpya alinyimwa msimbo, na mtaalamu mmoja wa chuo kingine aliyekuwa nao akakataa kumpa kwa kuwa alikuwa ameahidi kutoutoa. Miaka michache baadaye, mnamo Septemba 1983, Stallman alitangaza mradi wake wa GNU. Tunaona basi kwamba vuguvugu hili lote lina mzizi katika kifaa ambacho mwenyewe hakuruhusiwa kukielewa.

Agosti 1991, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki aitwaye Linus Torvalds aliwaarifu wenzake kwamba alikuwa akiandika mfumo endeshi kwa ajili ya kompyuta yake yenye kichakataji cha 386. Aliwatahadharisha kwamba pengine hautawahi kukubali diski za aina nyingine ila zile alizokuwa nazo yeye. Leo kiini hicho cha Linux ndicho kilicho ndani ya kila simu ya Android, na tangu Novemba 2017 kimeziendesha kompyuta zote 500 zenye nguvu kuliko zote duniani. Anayesema kwamba mfumo huu haujui vifaa hasemi kweli. Unavijua vifaa ambavyo wenye navyo walitaka ujulikane navyo.

Tazama kampuni mbili zinazotengeneza vijisehemu vya picha. Mnamo 2007 AMD, iliyokuwa imeinunua kampuni ya ATI mwaka uliotangulia, ilianza kuchapisha maelezo ya ndani ya bidhaa zake, na kufikia 2015 draiva yake mpya ya wazi ilikuwa imeingizwa ndani ya kiini cha Linux chenyewe. Mwenye kompyuta ya namna hiyo huweka mfumo na picha hutokea, hana la kutafuta. Kwa upande mwingine NVIDIA ilitoa draiva iliyofungwa, ambayo mara nyingi ilivunjika kiini kilipobadilika. Hasira zilifika mahali ambapo mwaka 2012 Torvalds aliitukana kampuni hiyo hadharani nchini Ufini. Ni Mei 2022 tu ndipo NVIDIA ilipofungua sehemu ya draiva inayokaa ndani ya kiini, tena kwa bidhaa zake za karibuni pekee. Ugumu wa kiufundi ulikuwa mmoja kwa zote mbili. Kilichotofautiana ni uamuzi wa wakubwa wa kampuni.

Mfano wa printa unafundisha zaidi. Zamani kila printa ilikuwa na draiva yake, na mwenye mfumo huria alinunua kwa kubahatisha. Mnamo 2010 Apple ilitaka simu zake zichapishe bila kuwekewa draiva yoyote, ikajenga juu ya kanuni ya wazi iitwayo IPP. Watengenezaji wakaifuata kwa kuwa hawakutaka kupoteza wanunuzi wa simu. Mwaka 2013 chama cha watengenezaji printa kikatoa kanuni ya namna hiyo kwa watu wote. Matokeo ni kwamba printa nyingi za kisasa zilizo kwenye mtandao hufanya kazi na Linux bila fundi kuguswa. Kile ambacho jasho la wanaojitolea halikuweza kukimaliza kwa miongo miwili, kilimalizwa na kampuni moja kubwa ambayo watengenezaji hawakuthubutu kuwapoteza wanunuzi wake.

Watetezi wa kampuni watasema kwamba wanazo sababu zao, na haki yataka tuzisikie. Baadhi ya siri si zao bali wamezikodi kwa wengine. Vifaa vya mawimbi ya redio hutawaliwa na sheria za nchi, nao huhofia kwamba mtu ataongeza nguvu za kifaa kupita kiwango. Hata watetezi wa mifumo huria wamelazimika kulegeza kamba. Wanachama wa mradi wa Debian, wanaojulikana kwa msimamo mkali, walipiga kura mwaka 2022 kukubali programu zilizofungwa za ndani ya vifaa ziwemo katika diski yao rasmi, na zikawemo katika toleo la Juni 2023, kwa sababu kompyuta nyingi mpya zisingeweza kupata mtandao bila hizo.

Tena tusijidanganye kwamba mifumo huria haiachi mashine nyuma. Kichakataji cha 386, kile kile alichoanzia Torvalds, kiliondolewa katika kiini cha Linux Desemba 2012. Agosti 2025 Debian iliacha kutoa diski ya kuwekea mfumo katika mashine za biti 32 za jamii ya Intel. Lakini tofauti ipo, nayo ni kubwa. Mashine hizo ziliachwa zikiwa zimebaki na watumiaji wachache mno, na msimbo wake ungali wazi kwa atakayetaka kuuhuisha. Haziachwi kwa sababu ya kukosa kijisehemu ambacho mtengenezaji wa mfumo aliamua jana kukidai.

Kuna pia somo la Munich, Ujerumani. Jiji hilo lilihamisha kompyuta zake karibu 15,000 hadi mfumo huria, kazi iliyokamilika 2013, kisha mwaka 2017 madiwani wakapiga kura kurejea Windows. Wapinzani huutaja mfano huu kwa furaha. Wasichosema ni kwamba mnamo 2024 jimbo jingine la nchi hiyo hiyo, Schleswig-Holstein, lilitangaza kuhamisha kompyuta 30,000 za serikali yake. Yaelekea mabishano ya Wajerumani hayajesha. Lakini wanabishana wakijua wanachonunua, na hapo ndipo sisi tunapokosea.

Maoni ya mwandishi huyu ni kwamba swali la kifaa kukubaliana na mfumo huamuliwa siku ya kununua, si siku ya kuweka mfumo. Shule, kaunti na wizara zinapotangaza zabuni huandika ukubwa wa kumbukumbu, upana wa kioo na miaka ya dhamana. Iongezwe ibara moja: kila kifaa kiwe na draiva iliyomo tayari ndani ya kiini cha Linux, au kifuate kanuni iliyochapishwa. Ibara hiyo haimlazimishi mtu kuacha Windows. Inamhakikishia kwamba siku atakapofukuzwa kule, atakuwa na pa kwenda. Mzazi mmoja akidai hivyo atachekwa dukani. Serikali inayonunua kwa maelfu haichekwi.

Fauka ya hayo, tunayo sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inayomtwika mzalishaji jukumu la bidhaa yake hata baada ya kuiuza. Ni halali kuuliza kama kompyuta nzima inayogeuzwa taka kwa amri ya programu haimhusu aliyetoa amri hiyo.

Kwa mtu wa kawaida, hatua ni ndogo. Mifumo mingi huria huweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote kilicho ndani ya kompyuta. Nenda nayo dukani. Kabla hujatoa pesa, iwashe mashine kwa flashi hiyo, ujaribu mtandao, sauti, kamera na printa. Muuzaji akikataa, amekujibu.

Yule mwalimu hatimaye aliviuza vile vidude kumi na tisa kwa hasara, akanunua waya na kuzivutia kompyuta zake mtandao kwa njia ya kale, kwa kuwa vichomeko vya waya hutambuliwa na mfumo karibu kila mara. Watoto wanasoma. Lakini pesa zilizopotea zilikuwa za wanafunzi wa zamani, waliochanga kidogo kidogo, na hakuna mmoja wao aliyejua kwamba kulikuwa na swali la kuuliza. Mtegemea cha nduguye, walinena wazee, hufa maskini. Tulipie mashine, lakini tusikubali tena kuuziwa nyumba ambayo ufunguo wake umebaki mfukoni mwa aliyeijenga.