ULINIPIMA MIMI, AU ULIANGALIA SKETI?

Wafanyabiashara wenzangu, leo naongea na wale wa baiskeli za mtumba, hasa hizi za resi, zenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo na tairi nyembamba. Ila hata kama unauza viatu au suruali, soma tu, mbele utaona inakuhusu.

Nianze na hasara yangu, maana ndiyo iliyonifundisha.

Mwaka wangu wa pili dukani alikuja dada mmoja, nesi, mrefu kunizidi mimi. Alitaka baiskeli ya resi ya mazoezi, wikiendi aende na wenzake mpaka Usa River na kurudi. Nilikuwa nazo mbili. Moja ilikuwa kubwa, namba 56, ya wote. Nyingine ilikuwa ndogo, imeandikwa WSD, yaani Trek waliitengeneza kwa ajili ya wanawake. Dada akashika ile kubwa. Mimi, mjuaji, nikamwambia, "Hapana dada, hiyo ya kiume. Ya kike hii hapa." Nikampandishia kiti mpaka mstari wa mwisho, nikachukua 320,000 yangu, nikafurahi.

Wiki tatu baadaye akairudisha. Magoti yanauma, mabega yanauma, anapanda amejikunja kama yuko kwenye baiskeli ya mtoto. Hakufoka. Aliniuliza swali moja tu: "Mdogo wangu, siku ile ulinipima mimi, au uliangalia sketi?"

Sikuwa na jibu. Nikampa ile kubwa kwa bei ile ile, nikamfungia na kiti kingine bure. Faida yote ikaishia hapo. Lakini lile swali nimebaki nalo, na ndilo nataka tulijadili.

MSIMAMO WANGU: neno "ya kike" kwenye baiskeli ya resi lisikuuzie wala lisikunyime mauzo. Lichukue kama taarifa ya mwanzo, halafu shika futi upime.

TUSICHANGANYE NA ZILE ZA KUSHUKA KATI

Mtaani tukisema baiskeli ya kike tunamaanisha ile yenye bomba lililoshuka katikati, mtu apande na gauni au khanga bila shida. Baiskeli ya resi ya kike siyo hivyo. Nyingi zina bomba la juu kama za kiume, ukiitazama kwa mbali huoni tofauti. Tofauti iko kwenye vipimo.

Kampuni zilikuwa zinasema hivi: mwanamke kwa kawaida ana miguu mirefu na kiwiliwili kifupi kulinganisha na mwanaume wa urefu ule ule. Kwa hiyo fremu ya kike wakaifanya fupi kutoka kiti mpaka usukani, na mbele wakaiinua kidogo ili mtu asiiname sana. Juu ya hapo wakafunga vitu hivi:

- Usukani mwembamba, sentimita 38 au 40, wakati wa kawaida ni 42 au 44.
- Kiti kipana kidogo nyuma.
- Mikono ya breki iliyo karibu, kwa vidole vifupi.
- Chuma kinachoshika pedeli kifupi zaidi, mfano milimita 165 badala ya 170 au 172.5. Namba hiyo mara nyingi imegongwa upande wa ndani wa chuma chenyewe.

Sisemi ni uongo. Shida ilikuwepo kweli. Baiskeli iliyoitwa "ya wote" kwa miaka mingi ilikuwa ya mwanaume wa wastani iliyopunguzwa tu. Kule Marekani, Georgena Terry alianzisha kampuni yake mwaka 1985 kwa sababu hiyo hiyo, na baiskeli zake ndogo zilijulikana kwa tairi ya mbele kuwa ndogo kuliko ya nyuma, ili fremu iweze kuwa fupi bila kuharibu mwendo.

Ila kampuni zenyewe baadaye ziligawanyika. Specialized walikuwa na Roubaix, na ya kike wakaiita Ruby. Roubaix iliyotoka 2019 ikawa moja kwa wote, wakisema vipimo vya miili vinaonyesha watu wanatofautiana mtu na mtu kuliko mwanamke na mwanaume. Giant nao wana Liv, na hao mpaka leo wanatengeneza za wanawake peke yake. Kama wenye viwanda hawajakubaliana, wewe na mimi tunapata wapi ujasiri wa kumwambia mteja "hii siyo yako" kabla hajaikalia?

KINACHOBADILIKA NA KISICHOBADILIKA

Hapa ndipo pesa yako ilipo, soma taratibu.

Kiti kinabadilika kwa dakika chache na spana moja. Shingo ya usukani, kile kipande kinachoshika usukani, nayo inabadilika, ukiweka fupi unamsogezea mtu usukani karibu. Usukani wenyewe unabadilika lakini ni kazi, inabidi ubandue utepe, ufungue breki na gia, urudishie. Chuma cha pedeli kinabadilika pia, ila gharama inaanza kuonekana.

Fremu haibadiliki. Ukinunua fupi umenunua fupi. Ukinunua ndefu, shingo fupi itakusaidia kidogo tu. Na usije ukasogeza kiti mbele ili mtu aufikie usukani. Kiti kinapangwa kwa ajili ya magoti. Ukikisogeza kwa ajili ya mikono umehamisha maumivu kutoka mabegani kwenda magotini.

Kwa hiyo ukienda kuchukua mzigo, usiulize kwanza ya kike au ya kiume. Pima bomba la juu, kwa usawa wa ardhi, kutoka kwenye bomba la kiti mpaka kwenye bomba la usukani. Andika. Ile namba ya 50, 52 au 54 iliyobandikwa kwenye fremu isikutoshe, baiskeli mbili zenye namba moja zinaweza zisilingane urefu.

TAIRI: HAPA NDIPO NILIPOLIA

Hasara yangu ya pili ilitokana na hizi hizi ndogo za kike. Nilipata moja safi, rangi nzuri, bei ya kutupa. Tairi tu ndizo zilikuwa zimekwisha. Nikasema tairi si kitu. Jamani! Tairi za resi za kawaida zikapwaya. Za baiskeli za mlima, za 26, hazikupanda kwenye rimu. Kumbe rimu zake ni 650C. Ile baiskeli ilikaa miezi minne inaniangalia, mtaji umelala pale, kodi ya fremu ya duka nalipa kama kawaida. Nilipona siku nilipokuta tairi mbili kwenye mzigo wa mtu mwingine.

Tangu hapo nasoma namba za pembeni ya tairi kabla ya kuuliza bei. Utakuta kitu kama 23-622. Ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha rimu pale tairi inapokaa, kwa milimita.

- 622 ni resi ya kawaida, ile ya 700C. Chukua.
- 571 ni 650C. Iko kwenye resi nyingi za zamani za saizi ndogo, hasa za kike. Chukua tu kama tairi ni nzima au unajua utazipata wapi.
- 559 ni ya 26 ya mlima. Haiingiliani na 571 hata kama kwa macho zinafanana.

Hapo utaelewa kwa nini nasema "ya kike" ni taarifa. Ikiwa ya kike na ndogo, nenda moja kwa moja kwenye tairi.

JINSI NINAVYOUZA SIKU HIZI

Mteja akiingia, awe kaka awe dada, napima vitu vitatu. Kwanza asimame, baiskeli iwe katikati ya miguu, nyayo zote chini, na bomba la juu lisimguse. Pili akae, kisigino kwenye pedeli, pedeli ikiwa chini kabisa: mguu unyooke bila kiuno kuyumba. Tatu ashike pale juu ya mikono ya breki: viwiko vikunje kidogo na vidole vifike kwenye breki bila kujivuta. Kisha azunguke mtaa mmoja. Hapo ndipo tunaongea bei.

Nimeona mengi kwa njia hii. Nimeona dada mrefu akitoka na 56 ya wote, na kaka mfupi akikaa vizuri kwenye ya kike kuliko zote dukani. Na hapa kuna biashara ambayo wengi hamuioni. Kwenye mzigo ninaochukua mimi, za kike hubaki mwisho kwa sababu wanaume wanaziogopa, na zikibaki bei inashuka. Ukijua kupima, baiskeli hiyo ina wateja wawili: dada wa saizi yake na kaka wa saizi yake.

Sasa kuna mwenzetu mmoja aliniambia dawa ni kukwangua stika, mteja asijue. Mimi nakataa. Siku akijua, na atajua, hatasema baiskeli ilikuwa nzuri. Atasema ulimdanganya. Mimi namwambia wazi: "Kaka, hii imeandikwa ya kike. Ikalie kwanza, halafu uniambie mwili wako unasemaje." Wengine wanacheka na kuondoka. Sawa. Wanaobaki wananunua na hawarudi kulalamika.

Na kwa dada zetu ni hivyo hivyo, upande wa pili. Usimuuzie dada baiskeli kwa kuwa ina maua au rangi ya zambarau. Anatoa pesa aliyoihangaikia, na pale barabarani ni magoti yake, shingo yake na mikono yake inayotakiwa kuwahi breki bodaboda ikimkatia mbele. Usukani ukiwa mbali naye breki inachelewa. Hilo siyo suala la mapambo.

Yule dada nesi bado ni mteja wangu. Ameniletea wenzake watatu, na kila akimleta mtu anasimama pale mlangoni anaangalia kama nimeshika futi.

Kama nimekosea mahali, nipingeni, ndivyo tunavyojifunza. Ila kesho ukifungua duka, kabla hujamwambia mtu "hii siyo yako", mpime kwanza.

Kazi njema.